Mzazi wa Mtoto Mwenye Usonji Aambiwe Ukweli

Kila mwaka tarehe 2 Aprili dunia huwakumbuka watu wenye usonji. Siku hiyo iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa azimio lake la Desemba 2007, na hapa kwetu pia husemwa maneno mazuri na kupigwa picha. Lakini tarehe 3 Aprili mzazi huamka na mtoto wake yule yule, katika chumba kile kile, wala hana mtu wa kumwuliza afanye nini. Leo twataka kusema habari za mzazi huyo, maana kilio chake hakijasikiwa vya kutosha, naye si mtu wa mbali. Yumo kiwandani, yumo sokoni, yumo katika tawi na katika shina.

Usonji ni hali ya ubongo kukua na kufanya kazi kwa namna yake, tofauti na ilivyo kwa watu wengi. Mtu huzaliwa nayo, huishi nayo na huzeeka nayo. Mwenye usonji huona taabu kuelewana na wenzake kwa maneno, kwa macho na kwa ishara. Hupenda mambo yaende kwa utaratibu ule ule kila siku. Na mara nyingi masikio, macho na ngozi yake huhisi kupita kiasi, hata honi ya gari ikamwumiza kama kofi. Hakuna wawili walio sawa. Yuko asiyesema neno maisha yake yote, na yuko msemaji hodari aliyefika chuo kikuu. Yuko ambaye ana kifafa pia, na yuko mwenye afya njema kabisa.

Wala tusidhani kwamba watu hao ni wachache. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Ikiwa kadirio hilo la dunia lafaa kwetu pia, basi idadi yao nchini hukaribia watu 486,000. Umati kama huo hauwezi kufichwa katika vyumba vya uani.

Na tumtazame mama mmoja kati ya maelfu. Mwanawe ametimiza miezi 18. Anatembea vizuri, anakula, na uzito wake katika kadi ya kliniki hauna kasoro. Lakini akiitwa jina hageuki. Hanyoshi kidole kumwonyesha mama yake ndege wala gari. Maneno mawili matatu aliyokwisha kuyapata yamepotea. Hupanga vizibo vya soda mstari mmoja tangu asubuhi hata jioni, na kizibo kimoja kikiondolewa hulia mpaka akaishiwa na pumzi. Mama huyo amekwisha kujua kwamba liko jambo. Mwenye macho haambiwi tazama. Anachotaka ni kuambiwa kwamba hicho akionacho ni nini.

Aende wapi? Mama mkwe anasema kwamba katika ukoo wao mtoto wa namna hiyo hajapata kuonekana. Jirani anasema mtoto amedekezwa. Mganga anasema amerogwa, naye anataka mbuzi na fedha, na mwezi ujao atataka nyingine. Mama akifika zahanati anaambiwa kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema, basi asubiri. Anasubiri mwaka wa kwanza, anasubiri wa pili. Baba wa mtoto, aliyechoshwa na maneno ya ndugu zake, anahama nyumba. Na mtoto mwenyewe, ambaye miaka hiyo ya mwanzo ndiyo angefaidi zaidi kufundishwa, anatimiza miaka sita hajapata mwalimu, wala mama yake hajapata kulisikia neno usonji likitoka kinywani mwa mtu yeyote.

Hatuwezi kusema kwamba mama huyo amenyimwa dawa, kwa kuwa dawa ya kuondoa usonji haipo popote duniani, kwa tajiri wala kwa maskini. Alichonyimwa ni habari. Nazo habari hazihitaji meli kuzileta kutoka ng'ambo. Zahitaji mtu anayezijua, azitoe kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa wakati wake.

Wazee wetu walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hiyo ni kweli katika adabu na katika kazi, lakini ikipelekwa mahali pasipo pake hugeuka fimbo ya kumpigia mama. Hata wataalamu wa nchi kubwa walianguka katika kosa hilo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, nchini Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza, na maandiko yake ndiyo yaliyoitambulisha hali hii kwa madaktari wengi. Lakini baadaye ilienea fikira kwamba chanzo chake ni ubaridi wa mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chicago aliishikilia fikira hiyo hata katika kitabu chake cha mwaka 1967. Akina mama wasio na hatia walibebeshwa lawama kwa miaka mingi, na lawama hiyo ilitoka kwa watu wenye shahada.

Na ni nani waliouangusha uongo huo? Wazazi wenyewe walikuwa mstari wa mbele. Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa na mwana mwenye usonji, aliandika kitabu mwaka 1964 akaonyesha kwamba chanzo kimo katika mwili na ubongo, si katika malezi. Mwaka uliofuata aliungana na wazazi wenzake wakaanzisha chama chao nchini Marekani. Nchini Uingereza wazazi walikuwa wamekwisha kuungana tangu mwaka 1962, na miongoni mwao alikuwamo Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili na mama wa binti mwenye usonji, ambaye utafiti wake ulizidisha sana maarifa ya dunia juu ya hali hii. Jirani zetu wa Kenya nao, kwa juhudi za wazazi, waliunda chama cha usonji mwaka 2003, na watoto wao wakapata madarasa yao katika shule ya msingi ya City jijini Nairobi. Hilo ni fundisho kwetu. Mzazi mmoja akilia peke yake huitwa mwenye mkosi, bali wazazi hamsini wakisema pamoja huitwa chama.

Huko huko Kenya, katika pwani yao, Joseph Gona na watafiti wenzake waliwasikiliza wazazi wa watoto wenye usonji pamoja na watu wenye kazi ya kuwahudumia watoto hao, wakatoa maandiko yao mwaka 2015 na 2016. Walipouliza chanzo cha usonji walitajiwa pepo, uchawi na laana. Walitajiwa pia maradhi na shida za wakati wa kuzaa. Na walipouliza shida za wazazi, walisikia habari za kunyanyapaliwa, za kukosa matibabu yafaayo, na za mzigo wa fedha na wa ulezi usio na mapumziko. Hatudhani kwamba mawazo hayo na taabu hizo hukomea kwenye mpaka wa Horohoro. Pwani ni moja, lugha ni moja, na machozi ya mzazi hayana pasipoti.

Basi ukweli ni upi? Elimu ya leo yasema hivi. Usonji hautokani na laana, wala na dhambi ya mama, wala na malezi mabaya. Kwa sehemu kubwa umo katika urithi wa mwili, katika chembe nyingi za urithi ambazo mtu hupokea kwa wazazi wake wote wawili, na mambo mengine ya wakati wa mimba na kuzaliwa yaweza kuongeza uwezekano. Mume anayemwacha mkewe kwa sababu ya mtoto huyo hajui kwamba urithi huo waweza kuwa umetoka kwake sawasawa na kwa mkewe.

Wala usonji hautokani na chanjo. Hapa yatupasa tuseme kwa urefu kidogo, maana uvumi huu unaua. Mwaka 1998 daktari Andrew Wakefield na wenzake waliandika katika jarida moja la utabibu la London, wakitumia habari za watoto 12 tu, na maandiko hayo yakawafanya watu waiogope chanjo ya surua. Ilipogunduliwa kwamba kazi hiyo haikuwa ya kweli, jarida liliifuta mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Nchini Denmark watafiti waliwafuata watoto 657,461, wakatangaza mwaka 2019 kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa. Kinachowadanganya wazazi ni wakati. Kwetu mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na huo ndio umri ambao dalili za usonji huanza kuonekana. Jogoo huwika, na jua huchomoza. Lakini si jogoo alichomozaye jua.

Mzazi akiisha kuambiwa hayo, mzigo wa lawama humtoka mabegani. Lakini hayo hayatoshi. Atauliza mara moja: Kesho asubuhi nifanye nini? Na swali hilo lina majibu.

Mtoto apimwe kwanza masikio, ijulikane kama anasikia. Achunguzwe kama ana kifafa, maana kifafa kina dawa zake. Nyumbani asemeshwe kwa maneno machache yaliyo wazi, mzazi akiwa ameinama hata nyuso zikutane, kisha apewe nafasi ya kujibu kwa namna yake. Kitu anachokitazama ndicho kitajwe jina. Siku yake iwe na utaratibu, na kabla ya kubadilisha jambo aonyeshwe mapema, kwa picha ikiwa maneno hayajamwingia. Akipiga kelele kwa kuzidiwa na makelele ya watu, aondolewe mahali hapo; asipigwe, kwa kuwa fimbo haifundishi masikio kusikia kidogo. Na asiyesema asihesabiwe kuwa hasikii wala haelewi. Wengi wao huelewa yasemwayo mbele yao, pamoja na matusi.

Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo kwa walezi wa watoto wa namna hii: vikao 9 vya pamoja, na kutembelewa nyumbani mara 3. Mafunzo hayo yalitungwa makusudi ili yaweze kutolewa na watu wasio mabingwa, waliofundishwa na kusimamiwa vizuri. Nchi yenye mabingwa wachache haina kisingizio cha kukaa kimya. Muuguzi, mwalimu, mhudumu wa afya wa kijijini, hata mzazi aliyetangulia kupata uzoefu, waweza kufundishwa wakafundisha.

Kwa upande wa sheria hatuanzi na mikono mitupu. Nchi yetu iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Elimu ya msingi bila ada ilianza mwaka 2016. Kiko chuo cha Patandi, mkoani Arusha, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu, na ziko shule za msingi zenye vitengo vya watoto hao. Lakini haki ambayo mwenyewe haijui ni kama akiba iliyozikwa na mtu aliyekufa bila kusema. Mzazi wa Mbagala au wa Nzega asiyejua kwamba kitengo kipo, au anayefika shuleni akajibiwa kwamba mtoto wa namna hiyo hapokelewi hapa, kwake yeye mkataba na sheria ni karatasi.

Ndugu wafanyakazi, neno moja lawahusu ninyi hasa. Mzazi wa mtoto mwenye usonji hufanya kazi mbili, na ya pili haina zamu ya kupokezana. Akichelewa asubuhi, huenda usiku kucha mtoto hakulala. Akiomba ruhusa kila mwezi, huenda ampeleka mtoto kliniki ya rufaa iliyo mbali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ilipotungwa mwaka 2004 ilimpa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo, ndani ya miezi 36, kwa ajili ya mtoto aliyeugua au misiba ya watu wake wa karibu. Siku hizo zafaa kwa homa na kwa mazishi. Usonji si homa, hauishi kwa siku 4. Mama wengi huona afadhali waache kazi, na wakiacha kazi nyumba hupoteza mshahara wakati ule ule ambapo gharama zinapanda. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, jambo hili halina budi kuwamo: saa zinazoweza kubadilishwa, ruhusa ya kliniki isiyokatwa mshahara, na bima isiyokataa kumlipia mtoto mazoezi ya kusema. Hayo si sadaka. Ni masharti ya kazi kama yalivyo mengine.

Kwa hiyo twatoa shauri letu katika mambo matano.

Kwanza, kila kliniki ya mama na mtoto iwe na maswali machache ya kuuliza wakati wa chanjo ya miezi 18. Je, mtoto akiitwa jina hugeuka? Je, hunyosha kidole kuonyesha kitu? Je, ameacha maneno aliyokuwa nayo? Maswali hayo humaliza dakika tatu. Mtoto anayetiliwa shaka apelekwe mbele, na neno "subiri" lisiwe tena jibu la zahanati.

Pili, yatolewe maandiko mafupi kwa Kiswahili chepesi, na vipindi vya redio kwa wasioweza kusoma, vikieleza usonji ni nini, si nini, na mzazi aende wapi. Maandiko yaliyoko mengi ni ya Kiingereza, na mzazi ambaye hakubahatika kuijua lugha hiyo hubaki mlangoni mwa nyumba ya maarifa akisikia sauti tu.

Tatu, kila halmashauri itangaze waziwazi, katika mbao zake na katika mikutano ya mitaa na vijiji, shule zenye vitengo na walimu waliofundishwa, ili mzazi asizunguke mji mzima akibahatisha. Na mwalimu mkuu amkataaye mtoto aulizwe sababu.

Nne, waajiri na vyama vya wafanyakazi watimize tuliyoyasema juu.

Tano, na hili halihitaji bajeti ya mtu, mabalozi wa mashina na viongozi wa mitaa wawajue wazazi hao na kuwakutanisha. Balozi hujua nyumba yenye msiba na nyumba yenye arusi. Hawezi kukosa kujua nyumba yenye mtoto anayefungiwa ndani. Aende, si kwa kumkamata mama, bali kwa kumwambia kwamba mtaa wa pili yuko mwenzake. Mzazi humwamini mzazi kabla ya kumwamini daktari, na jambo moja alilojifunza mmoja laweza kuwaokolea wengine mwaka mzima wa kuhangaika.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina shida nyingi kubwa kuliko hii. Malaria ipo, njaa ipo, barabara hazijaisha. Twakubali kwamba zipo. Lakini hatukuomba hospitali mpya wala mitambo. Tumeomba maswali matatu kliniki, karatasi moja ya Kiswahili, orodha ya shule ubaoni, na kifungu kimoja katika mkataba wa kazi. Nchi isiyoweza hayo isiseme imezuiwa na umaskini. Wengine watasema kwamba maombi ndiyo yatakayotosha. Nasi hatumkatazi mtu kuomba. Msikiti na kanisa vimewafariji wazazi wengi siku ambazo hakuna mwingine aliyebisha hodi. Twaomba tu kwamba imamu na padri, wakiisha kumwombea mtoto, wamwambie mama yake kwamba hana kosa, na wamwonyeshe njia ya kwenda kliniki.

Na kila mmoja wetu ana sehemu yake, hata asiye kiongozi wa chochote. Mara ngapi tumepanda daladala, mtoto akapiga kelele na kujitupa chini, nasi tukamgeukia mama yake kwa macho makali, mmoja akasema kwa sauti kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu? Pengine kondakta aliongeza muziki. Mama yule alishuka kabla ya kituo chake, akaenda kwa miguu. Tangu leo, ndugu msomaji, ukiona hivyo mpishe kiti, mwombe kondakta apunguze muziki, kisha nyamaza. Utakuwa umemsaidia kuliko hotuba.

Wazazi hawa wakiisha kuzungumza mambo yote ya chakula, ya shule na ya kliniki, hubaki na swali moja ambalo huliuliza kwa sauti ya chini: Siku nitakapokufa, nani atakaa na mwanangu? Hakuna kijitabu kinachojibu swali hilo. Jibu lake ni mtaa unaomjua mtoto huyo kwa jina, shule iliyomfundisha kufunga vifungo vya shati lake na kuhesabu fedha, na jirani asiyemwogopa. Mambo hayo hayajengwi kwa siku moja ya Aprili. Huanza siku ile mama aulizapo, "Mwanangu ana nini?" na mtu akamjibu kweli. Basi tuhakikishe kwamba mtu huyo yupo, katika kila kliniki na katika kila shina.